Nimepewa usimamizi wa zamu kiwandani, lakini watu bado wanamsikiliza aliyenitangulia. Nifanyeje?

BintiIgogo – Jumapili, saa 2:10 usiku

Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za jioni.

Naombeni ushauri, na atakayejibu naomba ajibu kwa moyo, maana nimechoka na kesho alfajiri lazima nirudi kulekule.

Nina miaka 29. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, jina la kiwanda tuliache. Nilisomea usindikaji wa samaki pale Nyegezi, nikaanza kazi upande wa ubora: kupima joto la samaki anaposhushwa kwenye gari, kufunua mashavu, kutazama macho, kuandika kwenye daftari. Nimekaa huko miaka minne. Mwezi wa tatu mwaka huu nikapewa usimamizi wa zamu ya asubuhi, chumba cha kukatia. Nina watu 46. Wengi ni wanaume, wengi wamenizidi umri, na zaidi ya nusu ni vibarua wa siku.

Msimamizi aliyekuwepo kabla yangu ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, nitamwita Mzee. Alihamishiwa stoo ya barafu na makreti. Hakuambiwa kakosa nini. Uongozi ulisema tu unahitaji mtu mwenye cheti mbele ya wakaguzi. Hajawahi kunitukana wala kunipinga mbele za watu. Lakini nikisema "tuanze na samaki wa gari la pili", macho yote yanakwenda mlango wa stoo. Mzee akitikisa kichwa, ndipo visu vinaanza kutembea. Asipokuwepo, wananitazama kama mgeni aliyepotea njia.

Nimejaribu ukali. Ndani ya miezi miwili nimeandika barua 6 za onyo. Wiki mbili zilizopita nilikuwa chumba cha ubaridi, nikarudi baada ya kama nusu saa nikakuta samaki wamerundikwa mezani hawana barafu, joto limeshapanda. Kilo 180 zikashushwa daraja, zikauzwa humuhumu nchini. Meneja uzalishaji akasema hasara ikatwe kwenye malipo ya zamu nzima, na mimi ndiye niliyesimama mbele yao kulitangaza hilo.

Tangu siku ile ni mgomo baridi. Wote wanakuja, wote wameshika visu, hakuna anayekataa kazi. Kilo hazitoki.

Nauliza mawili. Je, nimpeleke Mzee utumishi ili ahamishwe kabisa? Au niandike barua ya kuomba kurudi ubora, niachane na cheo hiki? Nawasilisha.

---

Ngosha wa Nyakato – Jumapili, saa 2:31 usiku

Dada pole. Mimi nimesimamia watu kiwandani miaka tisa, nakwambia nilichokiona. Mgomo baridi huwa una vinara wawili au watatu, wengine ni wafuasi tu. Watafute hao, waanzishie mashauri ya nidhamu, mmoja akitoka wengine watanyooka. Na Mzee aondoke kwenye eneo lako. Chumba kimoja hakiwezi kuwa na wasimamizi wawili. Ukirudi ubora sasa hivi, hakuna msichana mwingine atakayepewa zamu hapo kwa miaka kumi ijayo. Hilo lifikirie sana.

---

Mama Dagaa – Jumapili, saa 2:40 usiku

Mwanangu, asubuhi pale getini majina ya vibarua anaita nani?

---

BintiIgogo – Jumapili, saa 2:52 usiku

@Ngosha wa Nyakato ahsante kaka, hilo la wasichana wengine limenigusa kweli.

@Mama Dagaa shikamoo mama. Zamani alikuwa anaita Mzee, alikuwa na daftari lake. Tangu nilipoanza naita mimi. Mzee alikuwa anaita kwa mzunguko, yaani siku samaki wakiwa wachache, aliyefanya jana leo anapumzika, anaingia mwenzake. Mimi niliona mtindo ule unatuchelewesha, kwa sababu unaweza kujikuta siku ya samaki wengi una watu wazito mezani. Kwa hiyo naita wenye mikono myepesi kwanza. Nadhani ni haki, maana anayefanya vizuri ndiye anayepata.

---

Mama Dagaa – Jumapili, saa 3:05 usiku

Marahaba mwanangu. Sasa tumeanza kuelewana.

Mimi naanika dagaa, nina kina mama 14 wananifanyia kazi, na miaka ya nyuma nilishawahi kusimama kwenye geti kama hilo lako nikisubiri kuitwa. Ngoja nikwambie kunavyokuwa. Unaamka saa kumi usiku, unamwachia mtoto mkubwa uji, unatembea kutoka Mkuyuni kwa miguu kwa sababu nauli ukiitoa na usipoitwa umeshakula hasara. Mnasimama pale hata mia, geti linafunguliwa, mtu anatoka na karatasi. Karatasi hiyo ndiyo chakula cha nyumba yako cha siku hiyo. Unajua ilivyo kusikiliza majina mpaka la mwisho, halafu karatasi inakunjwa?

Wakati wa daftari la Mzee, mtu alijua Jumanne sitaitwa ila Jumatano zamu yangu, hivyo Jumanne atafua nguo za watu au ataenda mwaloni kuokota kazi nyingine. Anapanga maisha. Wewe umeondoa kitu hicho. Sasa kila mmoja anakuja kila siku na kila siku hajui. Hata hao wepesi unaowaita, jirani zao na shemeji zao ndio wanaobaki nje. Wanaingia ndani na aibu.

Nakuuliza lingine. Nani huwa haitwi kabisa?

---

BintiIgogo – Jumapili, saa 3:20 usiku

Mama, wapo wawili watatu. Kuna mama mmoja wa makamo na kuna kaka ambaye kidole chake hakikunji, alikatwa na kisu kazini zamani. Wanapata siku mbili kwa wiki, wakati mwingine moja.

Sikuwahi kulifikiria hivyo. Naandika huku natetemeka kidogo.

---

Mdau wa Malimbe – Jumapili, saa 3:48 usiku

Nafundisha mambo ya uongozi na utawala chuoni, naomba niongeze kidogo, maana anachosema Mama Dagaa kimefanyiwa kazi na wasomi pia.

Mwaka 1959 John French na Bertram Raven wa Marekani waliandika kwamba nguvu ya mtu juu ya wenzake ina mizizi mitano: cheo, uwezo wa kutoa, uwezo wa kuadhibu, ujuzi, na ile heshima ya mtu mwenyewe inayowafanya wengine watake kuwa upande wake. Baadaye Raven akaongeza wa sita, habari, yaani kujua jambo ambalo wengine hawalijui.

Ipime hali yako hapo. Barua yako ya uteuzi imekupa cheo, na kwa cheo hicho umepata uwezo wa kuadhibu, ndiyo hizo barua 6. Getini una uwezo wa kutoa, tena mkubwa kuliko unavyodhani, ila umeutumia kwa namna ambayo kwa anayesimama nje haina tofauti na adhabu. Ujuzi unao wa ubora, lakini wa kisu hauna, na kila anayeshika kisu analijua hilo. Heshima ya mtu mwenyewe bado iko stoo ya barafu. Uongozi uliweza kumhamisha Mzee na kiti chake, hiyo heshima haihamishwi kwa barua.

Halafu kuna jaribio la Kurt Lewin na wenzake Lippitt na White, lililochapishwa 1939. Walichukua vikundi vya wavulana wa miaka kumi hivi, kila kikundi kikapewa kiongozi wa mtindo wake: wa amri, wa kushirikisha, na wa kuwaacha wafanye wapendavyo. Vijana wa kiongozi wa amri walichapa kazi sana alipokuwepo. Alipotoka chumbani, kazi ikaanguka. Wale wa kiongozi wa kushirikisha waliendelea karibu vilevile. Sasa wewe mwenyewe umeandika kwamba ulikwenda chumba cha ubaridi nusu saa, ukarudi ukakuta samaki hawana barafu.

Siwezi kusema amri haina mahali pake. Samaki anaharibika, huwezi kuitisha kikao kila gari linapoingia, na pale anahitajika mtu wa kusema "sasa" na watu wakafanya. Ila wanaoitikia "sasa" haraka ni wale ambao siku za kawaida waliulizwa.

---

Kazi na Haki – Jumapili, saa 4:15 usiku

Mimi nakuja upande wa sheria kwa sababu nimeona jambo la hatari ambalo wote mmelipita.

Hayo makato ya zamu nzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaeleza ni lini mwajiri anaweza kukata malipo ya mfanyakazi kufidia hasara. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo. Lazima aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, na apewe nafasi ya kueleza kwa nini asikatwe. Na jumla ya makato ya namna hiyo isizidi robo ya malipo yake. Kutangaza mbele ya meza kwamba watu 46 watakatwa kwa kilo 180, bila kumsikiliza hata mmoja, hakuna hata sharti moja lililotimia hapo.

Wakienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa mgogoro wa aina hii wana siku 60, tangazo lililotoka mdomoni mwako ndilo litakalotajwa. Meneja alisema ofisini, wewe ulisema hadharani.

Na kaka Ngosha, hata hayo mashauri ya nidhamu yana utaratibu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 42, zinataka mtu apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aje na mwenzake au mwakilishi wa chama, ajitetee. Ukimwondoa mmoja ili wengine wanyooke, anaweza kurudi na amri ya kulipwa.

---

Mkono wa Kisu – Jumapili, saa 4:40 usiku

Nimekata minofu miaka 11, viwanda viwili tofauti hapa Mwanza, sasa nina duka langu Buzuruga. Naongea kama mtu aliyekuwa mezani.

Dada, umesema watu wanamtazama Mzee, akitikisa kichwa wanaanza. Umeshawahi kuona anatikisa kukataa? Hata siku moja? Nimesoma maelezo yako mara mbili na hukuandika hivyo. Mimi naona huyo mzee anawaambia "fanyeni anavyosema". Angetaka ukwame, angegeuka tu apange makreti yake, na siku ya kwanza ungekwama. Inawezekana kabisa tangu mwezi wa tatu kazi yako imekuwa inakwenda kwa sababu yake.

La pili, barafu. Mkata minofu hawezi kuacha samaki bila barafu makusudi. Samaki akilegea anachanika, kisu hakishiki, uzito unapotea, na kwa kibarua uzito ndio jina lake. Wakati wangu samaki akikaa bila barafu sababu ilikuwa moja tu, barafu haipo. Je, uliuliza siku ile barafu ilikuwa wapi?

La tatu, usije ukashika kisu mbele yao ili kuonyesha unajua. Watajua hujui kwa mkato wa kwanza tu. Ila nenda asubuhi kabla ya zamu, mwombe mtu mmoja akufundishe kunoa. Kunoa tu. Mtu anayejua kisu kimekuwa butu saa ngapi hawezi kumfokea mtu kwamba ni mvivu, kwa sababu ataona kwanza kisu.

---

BintiIgogo – Jumapili, saa 4:58 usiku

Sikuuliza. Nilikuta samaki hawana barafu nikaanza kufoka.

Nitauliza kesho. Ahsanteni sana wote, wabeja.

---

Mstaafu Kwimba – Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Nimeamka nimekuta uzi huu, nimeusoma wote. Mjukuu wangu, usijitupe, kosa la kutouliza linatibika.

Kwetu Usukumani vijana walikuwa na makundi ya kulima, na kundi lina kiongozi anaitwa nsumba ntale. Hakuteuliwa na mtemi. Vijana wenyewe walimchagua, na akiharibu walimtoa wao wenyewe. Alikuwa anashika jembe kwenye mstari uleule, jua lilelile, na mwenye shamba akitaka kuwadhulumu, yeye ndiye anayekwenda kumwambia. Nilimwona mmoja nikiwa mtoto. Alikataa chakula kilicholetwa kikiwa kidogo, kundi zima likakaa chini kivulini mpaka mwenye shamba akaongeza. Watu walimfuata kwa sababu ya hilo.

Nilipokuwa kijana kiwandani ukaja Mwongozo wa TANU wa 1971, na ibara ya 15 ilikataza kiongozi kuwa na majivuno, kudharau watu na kuonea. Tulikuwa tunaijua kwa namba. Fundi akionewa anasema tu "kumi na tano", na kila mtu anaelewa. Ilifikia mahali huko Dar es Salaam wafanyakazi wakawafungia nje mameneja wao, na serikali nayo haikufurahia. Sikuhimizi wewe na watu wako mfike huko. Nakwambia ili ujue kwamba wanaosimama mbele yako wana baba na babu walioyasikia maneno hayo, na wanajua kupima kiongozi hata kama hawasemi.

Cheo umepewa na walio juu. Sasa ni wewe kwenda huko juu ukawasemee walio chini. Ukifanya hivyo mara moja tu, utaona.

---

Ngosha wa Nyakato – Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Ya daftari la getini nimeyaelewa na nayakubali, Mama Dagaa kanifundisha kitu. Ya sheria pia. Lakini nasisitiza, kama kuna mtu aliyezembea kweli, asiachwe kwa sababu tumemhurumia. Watu wanaofanya kazi vizuri huumia sana wakiona mzembe anabebwa. Tafuta ukweli wa barafu, halafu mwenye kosa awe na jina.

---

BintiIgogo – Jumatano, saa 3:30 usiku

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya, siku mbili hizi sikuwa na hata nguvu ya kushika simu.

Jumatatu nilifika mapema nikaenda stoo kabla ya geti kufunguliwa. Nikamsalimia Mzee, nikamuuliza kuhusu barafu ya siku ile. Hakusema neno. Alichukua daftari juu ya rafu akanifungulia ukurasa. Kaandika kwa kalamu ya risasi, tarehe na saa: mashine ya barafu imesimama tangu usiku, barafu iliyobaki haitoshi gari mbili, nimemwarifu meneja, amesema gari la pili lishushwe. Saa aliyoandika ni dakika 20 kabla sijaingia chumba cha ubaridi. Vijana walifunika samaki kwa barafu iliyokuwepo mpaka ikaisha, wakabaki wanangoja mtu wa kuamua. Mtu wa kuamua ni mimi, na sikuwepo.

Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia siku ile, Mzee? Akajibu, "Ulikuwa unafoka, mama." Basi.

Kaka Ngosha uliniambia mwenye kosa awe na jina. Majina ni mawili, na moja ni langu.

Nilikwenda kwa meneja saa nne. Miguu ilikuwa mizito. Nilimwambia makato hayawezi kusimama, nikamweleza kifungu cha 28 kama Kazi na Haki alivyokieleza, nikamwambia pia kwamba kumbukumbu ya barafu ipo. Hilo la kumbukumbu sikupenda kulisema kwa sababu linamweka Mzee hatarini, lakini sikuona njia nyingine, na nilimwomba ruhusa Mzee kabla. Meneja alikasirika. Akasema atazungumza na mhasibu. Mpaka leo jioni sijapewa jibu, na malipo ni Ijumaa.

Jana kabla ya zamu nikasimama mbele ya meza nikawaambia tangazo nililolitoa lilikuwa makosa, sikuwasikiliza, na kwamba nimeliombea lifutwe ila bado sijajibiwa. Sikuwaahidi zaidi ya hapo. Hakuna aliyepiga makofi. Kilo za jana zilipanda kidogo sana, za leo zimebaki palepale. Ila leo gari la pili lilipoingia, kijana mmoja aliniuliza mimi, "Tuanze na hawa?" Hakutazama stoo. Labda ni bahati tu, lakini nimeandika hapa kwa sababu nimefika nyumbani bado naisikia sauti yake.

Mzunguko wa getini unarudi kesho. Nimeshauandika, mama yule wa makamo na kaka wa kidole ni wa kwanza. Siku za samaki wengi nitaongeza watu badala ya kubadilisha.

Limebaki moja. Nataka Mzee anisaidie daftari la geti, kwa sababu watu wanaliamini likiwa mkononi mwake. Meneja nitamwomba idhini. Lakini nitamwombaje Mzee mwenyewe? Naogopa ataona namrudishia kazi yake kipandekipande kama sadaka.

---

Mkono wa Kisu – Jumatano, saa 3:41 usiku

Umefanya kazi kubwa dada. Ijumaa wasipokata, hata usiposema kitu watajua nani alikwenda juu. Wakikata, simama nao palepale dirishani pa malipo, usijifiche ofisini.

---

Mama Dagaa – Jumatano, saa 3:55 usiku

Mwanangu, jambo hilo usimwombee kiwandani. Kule utakuwa msimamizi na yeye mtu wa stoo, hata ukipiga magoti. Mfuate nyumbani kwake siku ya mapumziko. Nenda na mumeo. Beba sukari na majani ya chai. Msalimie mkewe kwanza, kaa, kunyweni chai, ongeeni mambo ya watoto. Ya daftari yaje mwishoni kabisa, na useme "nimekuja kujifunza mzunguko ulivyokuwa unaupanga", maana ndiyo kweli, hujui. Akitaka kulishika atalishika mwenyewe. Asipotaka, atakufundisha.

---

BintiIgogo – Jumatano, saa 4:02 usiku

Anakaa Igoma. Jumapili baada ya misa tutakwenda.